Ncha ya Kisu Ndani ya Sinia

Haya, mlioniandama wiki nzima mkitaka kujua ncha ya kisu imekwenda wapi, tulieni sasa. Mama Kidoti yuko palepale, mbele ya sinki la jikoni, kisu cha kuchongea matunda mkononi, na kisu chenyewe hakina ncha.

Alikigeuza huku, akakigeuza kule. Alipitisha kidole pale ambapo asubuhi palikuwa na ncha nyembamba ya kuchorea maua. Palikuwa butu.

Aliangalia ndani ya sinki. Hakuna. Juu ya ubao wa kukatia. Hakuna. Akapiga magoti, akapapasa sakafu, akaambulia mbegu ya papai na njiti ya kiberiti.

Ndipo akakumbuka ule mlio. Asubuhi, alipokuwa akipasua ile jibini ngumu ya njano, kisu kilifanya kak! Akadhani ni ganda la nta linaloifunika jibini. Akaendelea kupanga.

Na jibini hiyo sasa ilikuwa wapi? Ilikuwa sebuleni, juu ya sinia, mbele ya wageni.

Kwa wewe uliyeanza kutusoma leo, nikufupishie. Mama Kidoti ni mjane, na kazi yake ni kupamba matunda kwa ajili ya sherehe za watu. Marehemu mumewe alimwachia binti mmoja, Kidoti, anayeitwa hivyo kwa kile kidoa cheusi shavuni. Likizo iliyopita mtoto alijikata kiganja jikoni wakati mama yake ameinamia kazi ya watu. Kidonda kilipona. Bibi, mama wa marehemu, hakupona. Leo amekuja na mwanawe mkubwa kuamua kama mjukuu abaki hapa au ahamie kwake moja kwa moja.

“Nyumba ya visu,” ndivyo Bibi anavyoiita.

Na hapo ndipo mwanamke huyu alipojichimbia shimo. Alfajiri alikusanya visu vyake vyote vikubwa, akavifunga kwenye taulo, akavificha ndani ya sanduku la nguo na kulitia kufuli, ili Bibi akichungulia jikoni asione hata kimoja. Alibakiza kile kidogo cha maua. Kwa hicho alimenya, akachonga, akakata nanasi, na mwisho, kwa ubishi, akapasua jibini. Kila mpambaji anajua kisu cha maua hakipasui jibini ngumu. Naye alijua, lakini hofu ya mama mkwe ilikuwa imemkaa kichwani kuliko ujuzi wake.

Alikitupa kisu ndani ya droo, akafuta mikono kwenye gauni, akakimbilia sebuleni.

“Shemeji!” kaka wa marehemu alimlaki kwa kicheko. “Hili sinia ni la kula au la kutundika ukutani?”

Shemeji huyu ni fundi umeme, mtu wa utani mwingi na tumbo linalomtangulia mlangoni. Alikuwa ameinama juu ya meza akilipiga sinia picha kwa simu. Katikati ya sinia lilichanua waridi la tikiti. Kandokando yake zilijaa zabibu, vipande vya embe vilivyokunjuliwa kama feni, nanasi na tufaha. Na pembeni kabisa, mzunguko mzima, vipande vya jibini vya pembetatu vililala kama petali za ua kubwa.

Mama Kidoti alizitazama petali zile. Zote zilifanana. Moja ilikuwa na chuma ndani.

“Naomba nilirudishe jikoni mara moja,” akasema.

“Kwa nini tena?”

“Nimesahau kunyunyizia limau. Tufaha zitageuka nyeusi.”

“Ziwe nyeusi! Kwani tumboni kuna taa?”

Shemeji alicheka mwenyewe kwa utani wake. Mama Kidoti alishika ukingo wa sinia.

“Liache.”

Hiyo ilikuwa sauti ya Bibi. Alikuwa ameketi wima kwenye kochi, mtandio umemzunguka vizuri, glasi ya maji mbele yake haijaguswa.

“Kila tukianza mazungumzo unakimbilia jikoni. Kaa chini. Na huyo asiyejua aibu ya tumbo lake, naye akae. Mimi nimekuja kuongea, sijaja kula. Katika nyumba hii siweki kitu kinywani, hata hayo maji.”

Mama Kidoti alikaa. Angefanya nini?

“Ukiwa kazini, mtoto anabaki na nani?” Bibi akaanza.

“Anabaki shuleni mpaka nimfuate, Mama. Sichukui tena kazi za jioni.”

“Na jikoni?”

“Haingii nikiwa na kazi. Nimempiga marufuku.”

Kinywa kilikuwa kinajibu, lakini macho yalikuwa kwenye mkono wa Shemeji. Mkono ule ulikuwa unatambaa mezani. Ukapita zabibu. Ukapita embe. Ukaenda moja kwa moja kwenye jibini.

“Usile hiyo!”

Shemeji alirudisha mkono kama aliyeguswa na nyaya zake. “Ina nini?”

“Ina... ina baridi. Imetoka kwenye friji sasa hivi. Jibini ya baridi haina ladha. Anza na zabibu, Shemeji.”

“Siku hizi mgeni anachaguliwa cha kula,” Bibi akasema, akamtazama mkwewe kwa jicho la pembeni. “Mbona unatetemeka?”

“Nina uchovu tu, Mama.”

“Mchovu atamlindaje mtoto?”

Hapo Kidoti aliingia kutoka uani, viatu mkononi, akaenda kumwegemea bibi yake. Bibi alimpapasa nywele, na uso wake ukalainika. Msifikiri bibi huyu hana moyo. Alimzika mwanawe, na mtoto huyu ndiye kumbukumbu pekee aliyobakiziwa. Ndiyo maana anatisha.

Mama Kidoti aliona mwanawe anavyolikodolea macho sinia. Akili ikamwenda mbio.

“Njooni mkaone chumba cha Kidoti!” akasema, akasimama ghafla. “Mama, wewe mwenyewe ulitaka kuona anapolala. Njooni wote.”

Hesabu yake ilikuwa rahisi. Wakishatoka wote, atarudi kwa kisingizio, atalibeba sinia, na akilipitisha mlango wa jikoni ataliangusha. Vitu huanguka. Watamcheka, watamwita mzembe wa mikono, yataisha.

Shemeji alichota zabibu za kutosha akainuka. Bibi hakuinuka.

“Magoti yangu hayataki ngazi,” akasema. “Nendeni. Mimi nabaki hapa.”

Na akajisogeza karibu na meza.

Ikawa sasa hawezi kubaki na hawezi kukataa. Alimshika Kidoti mkono kwa nguvu mpaka mtoto akalalamika, wakapanda. Alijipa moyo kwamba hata hivyo Bibi ameapa hali kitu. Sinia lilikuwa na mlinzi.

Chumbani, Shemeji alifungua dirisha akalifunga. Alibonyeza godoro. Alichuchumaa kwenye soketi, akachomoa bisibisi mfukoni kwa mazoea ya kazi, akaikaza kidogo.

“Nani alikufungia hii?”

“Mimi mwenyewe,” Mama Kidoti alijibu, sikio lake likiwa chini sebuleni.

“Umefunga vizuri kuliko vibarua wangu.” Kisha akashusha sauti. “Sikiliza, shemeji. Mimi naona mtoto yuko salama. Nimeshaona cha kuona. Tukishuka nitamwambia Mama hivyo, na nikisema mimi atasikia. Leo wewe usiharibu kitu tu, basi. Umeshavuka.”

Umeshavuka! Neno alilolililia usiku na mchana, na limekuja leo, saa hii hii, ncha ya kisu ikiwa imelala ndani ya petali chini sebuleni.

Aliwatangulia kushuka, karibu aanguke.

Bibi hakuwa tena kwenye kochi. Alikuwa amesimama dirishani, amewapa mgongo, mtandio ameuvuta mpaka mdomoni.

“Mama, kuna nini?”

“Vumbi,” Bibi akasema bila kugeuka. “Unaishi na vumbi.”

Mama Kidoti hakuwa na nafasi ya kujali vumbi. Alilibeba sinia kwa mikono miwili. “Nakwenda kulifunika, nzi wasije...”

Alipogeuka, alimwona Kidoti. Mtoto alikuwa nyuma yake, shavu limevimba, macho yamefumbwa nusu kwa raha. Alikuwa amenyofoa petali moja wakati sinia linapita usawa wa pua yake.

Wasomaji wangu, kuna mama gani angenyamaza hapo?

“Tema!” Ukelele wake ulisikika mpaka barabarani. “Tema, Kidoti! Usitafune! Tema!”

Alilibwaga sinia mezani, akamtia mtoto vidole kinywani, akakomba kila kitu. Kidoti alianza kulia. Mama yake aliisaga ile jibini iliyolowa mate kati ya vidole, mara mbili, mara tatu. Ilikuwa jibini tu.

Shemeji alikuwa amekodoa macho, zabibu moja imekwama njiani kuelekea mdomoni.

“Umepatwa na nini wewe?”

Alikuwa angali na upenyo wa kudanganya. Angeweza kusema nzi, angeweza kusema nywele. Lakini miguu ilikuwa imechoka, na ulimi pia.

“Kisu changu kimekatika ncha,” akasema. “Imo humu ndani. Sijui ni kipande kipi.”

Bibi aligeuka kutoka dirishani, polepole.

“Ulijua tangu lini?”

“Tangu mlipokaa.”

“Na ukanyamaza.”

“Nilinyamaza, Mama. Niliogopa mtanichukulia mwanangu.”

Shemeji aliishusha ile zabibu kwenye kiganja. Utani wote ulikuwa umemtoka usoni. “Mimi nimekaa hapa nanyoosha mkono, na wewe unaniambia habari za baridi?”

“Nisamehe, Shemeji.”

“Dakika moja iliyopita nilikuwa nakutetea!”

Bibi hakupiga kelele. Hilo ndilo lililomkata maini Mama Kidoti. Aliinama kwa mjukuu wake, akamfuta machozi, akasema kwa sauti iliyokwaruza: “Nenda kafungashe nguo zako.”

“Mama, tafadhali...”

“Kafungashe, Kidoti.”

Mtoto alimtazama mama yake, akamtazama bibi yake, akapanda ngazi akilia.

Mama Kidoti alijitupa kwenye sinia. Kama mtoto anaondoka, basi aondoke na mama aliyeipata ncha, siyo mama aliyeipoteza. Alianza na upande wake. Alichukua petali, akaivunja, akaisaga, akaiweka kando. Nyingine. Nyingine. Shemeji, pamoja na hasira zake, alipiga magoti upande wa pili akamsaidia, bisibisi yake ikichokonoa nanasi. Waridi la tikiti lilipasuliwa. Embe zikapondwa. Meza ilijaa rojorojo.

Hakuna ncha.

Ndipo alipofika upande ulioelekea kochi, pale alipokuwa amekaa Bibi. Mkono wake ukasimama.

Kati ya petali mbili palikuwa na zabibu. Zilikuwa zimesogezwa zikabanwa vizuri kuziba pengo. Asiyejua kazi asingeona kitu. Lakini yeye hapangi zabibu pembeni hata siku moja, maana hubingirika zikaanguka.

“Hapa palikuwa na kipande,” akasema. “Shemeji, umekula jibini?”

“Haki ya Mungu sijagusa. Si ulinikemea?”

“Ulipopiga picha kilikuwepo. Angalia simu yako.”

Shemeji alifungua picha, akaikuza kwa vidole. Petali ilikuwepo pale, imelala na wenzake.

Mama Kidoti aliinua uso. Chumbani waliingia watatu. Sebuleni alibaki mmoja.

“Unanitazama nini?” Bibi akauliza.

Sauti ilikuwa imekwaruza zaidi. Alipomaliza kusema alimeza mate, na alipomeza alinyoosha shingo na kufumba macho, kama mtu anayemeza kidonge kikubwa bila maji. Kisha akafuta mdomo kwa pindo la mtandio. Kwenye pindo palibaki doa dogo jekundu.

Shemeji hakuliona. Yeye alikuwa bado anaikodolea simu macho. Mama Kidoti aliliona.

Alisogea akapiga magoti mbele ya mama mkwe wake, akanong’ona. “Mama, kama ulionja, niambie. Haina aibu. Twende hospitali sasa hivi.”

“Nilionja?” Bibi alirudi nyuma. “Mimi? Mwanangu, umesikia? Alitaka kumwua mtoto, sasa ananiita mwizi wa chakula!”

“Mama, una damu...”

“Nimesema sikula! Nimeapa mbele yenu, nitakula kwa siri kama panya? Ukilirudia neno hilo, mtoto huyu hutamwona hata kwa picha!”

Shemeji aliruka. “Shemeji, mwache Mama! Yametosha kwa leo!”

Mwanamke alibaki magotini, akiwaza kwa kasi ya mtu ambaye nyumba yake inaungua. Akimshika Bibi kwa nguvu, Shemeji atamtoa. Akipiga kelele, hakuna atakayemwamini. Ameshasema uongo wa limau na uongo wa baridi. Na Bibi yuko tayari kufa na siri ya kipande cha jibini kuliko kukiri mbele ya mkwewe. Alimjua vizuri. Walifanana kwa hilo.

Basi akachagua uongo wa tatu.

“Nimekumbuka,” akasema, akajishika koo. “Kile kipande nilikula mimi.”

“Wewe?” Shemeji akashangaa. “Saa ngapi?”

“Wakati nalibeba sinia. Ni njaa, sikufikiri. Koo linanichoma. Nipeleke hospitali, Shemeji.” Akamgeukia Bibi, akamshika mkono wenye mtandio, akamtazama machoni. “Mama, naomba unisindikize. Ukae tu karibu yangu mbele ya daktari. Chochote atakachonifanyia mimi, wewe uwepo. Nakuomba.”

Macho yao yalikutana. Kwa kitambo kidogo Bibi aliyumba. Alielewa. Mama Kidoti aliona kabisa kwamba ameelewa, kwamba anafunguliwa mlango wa nyuma apite bila mtu kumwona, na kwamba anautaka mlango huo.

Kisha akauvuta mkono wake.

“Mimi nabaki na mjukuu wangu,” akasema. “Nenda ukatibiwe ujinga wako.”

Uongo huo ndio uliomponza. Kwa Shemeji, mwenye chuma tumboni alikuwa huyu, na mwenye chuma tumboni habishani. Alimkamata mkono, akamburura mpaka nje, akamsukuma ndani ya gari lake lililojaa nyaya na ngazi. Mama Kidoti aligeuka akaona mlango wa nyumba yake. Kidoti alikuwa amesimama pale na mfuko wa nguo. Bibi alikuwa nyuma yake, mkono mmoja kwenye bega la mtoto, mwingine mdomoni.

Mlango ukafungwa. Gari likaondoka.

“Shemeji, simamisha gari.”

“Tulia. Usiongee, utajikata zaidi.”

“Si mimi! Nimedanganya. Sijala kitu. Ni Mama!”

Shemeji alipiga honi, akalipita lori. “Mama ameapa.”

“Ameapa kwa sababu anaona haya! Alibaki peke yake na sinia. Nimeona damu kwenye mtandio wake.”

“Limau uongo, baridi uongo, umekula uongo.” Sauti ya Shemeji ilikatika. “Nikuamini lipi sasa? Niambie wewe mwenyewe, nikuamini lipi?”

Alijishika kichwa akalia kwa sauti, bila kujali wapita njia. Alikuwa amempoteza mwanawe kwa kusema kweli, na sasa anampoteza mama wa mumewe kwa kudanganya.

Simu yake ikaita. Ilikuwa namba ya simu ya nyumbani, ile kuukuu anayomwachia mtoto. Aliweka sauti kubwa.

“Mama.” Kidoti alikuwa ananong’ona. “Bibi amejifungia bafuni. Anakohoa. Kuna damu kwenye sakafu ya korido.”

Gari lilikwenda upande. Shemeji alikanyaga breki mpaka ngazi ya juu ikagonga kioo.

“Kidoti, gonga mlango, mwambie afungue! Tunarudi!”

“Hataki. Alisema nisikuambie.” Mtoto alivuta kamasi. “Alisema nikikuambia wewe, yeye siyo bibi yangu tena. Nami nimeshakuambia, mama.”

Shemeji alikuwa anageuza gari katikati ya barabara, honi za watu zikimtukana kutoka kila upande. Ndani ya simu kilisikika kishindo, kama cha mtu mzima aliyeanguka na kugonga mlango.

“Bibi?” Kidoti akaita. Akangoja. “Bibi, nisamehe. Fungua.”